Birika Langu na Mayai ya Mwalimu

Kwa miaka saba birika langu halikuwa langu. Lilikuwa katika choo changu, ndani ya nyumba yangu, lakini kila nilipotaka kuoga ilinibidi kwanza nigonge ukuta nimuulize Mwalimu kama ninaruhusiwa. Nyumba zetu zimeshikana, ukuta ni mmoja, na juu kuna tundu la kale lililopenya upande wa pili, kwa hiyo hapakuwa na neno la kwake nisilolisikia wala la kwangu asilolisikia yeye. Nikigonga, huuliza: "Wataka kata ngapi?" Nikisema kumi, husema nane. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mke wa mtu, mama wa mabinti watatu waliokwisha olewa, nami nikiomba ruhusa ya kuoga kwa mtu aliyenifundisha hesabu darasa la tano.

Mabirika ya nyumba zetu za zamani hujengwa kwa mawe pembeni mwa choo, yakapakwa chokaa ndani. Chini kabisa hukazwa bakuli la kaure, na katika maji hutiwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakishuka, visamaki hukimbilia ndani ya bakuli vikangojea yajazwe tena. Siku hizi wengi wameyavunja mabirika yao wakapandisha matangi ya plastiki juu ya dari. Mimi sikulivunja langu kwa uvivu tu. Mwalimu aliuita uvivu huo busara, na hapo ndipo balaa langu lilipoanza.

Samaki wenyewe hakuwatafuta. Mkewe alipofariki, bintiye anayeishi Mombasa alimletea tangi la kioo lenye vikambare sita, ili nyumba isiwe kimya mno. Ni visamaki vya urefu wa kidole gumba, vina sharubu, vina magamba magumu ubavuni, na kutwa nzima kazi yao ni kuchakura mchanga wa chini. Mara moja moja kimoja hupanda mbio juu, hugugumia pumzi, kikarudi chini mbio vilevile. Na wana tabia ya kukonyeza jicho. Mwalimu aliwatazama siku ya kwanza kwa uso ule ule aliokuwa akiwatazamia wanafunzi wapya, akasema, "Nimeletewa darasa." Nikadhani watakufa baada ya mwezi, tumpe pole, turudi kwenye maisha yetu.

Hawakufa. Mwezi wa pili, asubuhi moja nikiwa nimekaa na kofia yangu mkononi, maana kazi yangu ni kushona kofia, tundu kwa tundu kwa sindano, nilisikia jina langu likiitwa ukutani kwa sauti ambayo sikuisikia tangu nilipoandika kwenye mtihani kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Nilitoka mbio nikijua ameanguka. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya tangi, pua imegusa kioo.

"Ndoo uone," akasema, akiniita kwa mkono. "Ndoo, usiseme."

Jike alikuwa amekunja mapezi yake ya tumbo kama mwanamke aliyekunja pindo la kanga, na ndani ya pindo lile mlikuwa na mayai mawili. Alizunguka kioo, akachagua pahali, akapasafisha kwa mdomo, kisha akayabandika pale. Akaondoka akarudi na mengine. Yalikuwa kama chembe za sago. Nakiri kwamba ilikuwa ajabu kutazama. Nilikosea kukiri hivyo mbele yake, kwa sababu tangu siku ile alinihesabu kuwa mwenziwe katika jambo hili.

Ninaposema alikuwa mkali, wale aliowafundisha wataelewa. Alikuwa na rula ya mbao yenye ukingo wa bati, na mtaa mzima ulionja ladha yake. Ukipata tisa katika kumi, hakukupongeza kwa tisa, alikuuliza ile moja imekwenda wapi. "Hesabu haina huruma," alikuwa akisema, "kwa hiyo nami nitakuwa nayo ya nini?" Jibu bovu hakuliacha lipite hata likitoka kwa mtu mzima. Mara moja kadhi alikosea mwezi kwenye hotuba ya harusi, na Mwalimu akamsahihisha kutoka safu ya nyuma, biharusi akiwa analia tayari kwa sababu nyingine.

Rula ile ile sasa ndiyo aliyotumia kuyabandua mayai kwenye kioo, kwa sababu wazazi wakiachwa nayo huyala. Aliyabandua moja moja, mkono ukiwa mwepesi ajabu, akayatia kwenye sahani ya maji. Nilimtazama nikakumbuka viganja vyangu. Nikataka kumuuliza upole huu wote alikuwa ameuficha wapi zamani zile, lakini sikuthubutu, na hilo pia liliniudhi, kwamba mpaka leo sithubutu.

Basi ndipo nilipojifunza nisiyotaka kujifunza. Mayai huchukua siku nne kuanguliwa. Ya kwanza kuharibika hugeuka meupe na kuota ukungu wa manyoya, na ukungu huo huhamia kwa wenziwe usipoyaondoa mabovu mapema, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Mazima hugeuka rangi ya chai, na siku ya tatu utaona ndani yake kidoa cheusi, nacho ni jicho. Kitoto hutoka na mfuko wake wa chakula tumboni, hula huo siku mbili, halafu huanza njaa ambayo sijaiona kwa binadamu. Na hawatagi mpaka watimize mwaka. Hayo yote alinisomesha kwa kuyarudia, kama jedwali la kuzidisha, mimi nikiwa nimeshika sindano mdomoni nisiweze kujibu.

Maji ndiyo yaliyotugombanisha kwanza. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na vikambare wake hawakuyataka. Walitaka maji ya mvua. Mvua ikinyesha usiku au mchana, kabla mimi sijaanua nguo zangu, nitamkuta Mwalimu chini ya mlizamu wangu, pale maji ya paa yanapomwagikia, na masufuria yake, na ya kwangu, na beseni la mjukuu wangu. Ukimimina maji ya mvua ya baridi kwenye tangi, samaki hudhani masika yamefika, na kesho yake hutaga. Aliniambia hilo kwa kujisifu mara nyingi. Nililisikia kwa sikio moja likatokea la pili, nami baadaye nilijuta.

Kisha majani. Jani kavu la mti wa mkungu likilowekwa hutoa rangi kama chai kavu, na rangi hiyo huzuia ukungu wa mayai. Basi mtu mwenye heshima zake, kanzu imepigwa pasi, alikuwa akienda pwani kuokota majani chini ya mikungu kama mfagiaji wa baraza la mji. Wenye kupita wakimsalimu, "Mwalimu, shikamoo, mbona wafagia?" naye huwajibu kwamba wao wangefagia vichwa vyao. Majani aliyaanika kwenye paa langu kwa sababu la kwake lilikuwa na kivuli. Yalilowa mvua juu ya shuka nyeupe nilizowatandikia wakwe zangu. Shuka zile mpaka leo zina rangi ya chai. Alipoziona alisema, "Sasa hazitaota ukungu."

Umeme ulipokatika, na kwetu hukatika, pampu ya hewa ilisimama. Hapo kila aliyekuwa karibu alipewa kata. Kazi ilikuwa kuteka maji kwenye tangi, kuinua kata juu, na kuyamimina tena ili yaingie hewa. Alikaa kitini akihesabu. Waliokuja kumpa pole ya mkewe walimimina. Waliokuja kumpa mkono wa Idi walimimina, mikono ya kanzu mpya ikilowa mpaka kwapani. Sheikh mmoja kutoka Matondoni alikuja kuzungumza habari za msikiti, akamimina kata mia mbili, akaondoka bila kukumbuka alichojia.

Habari ya uji siwezi kuisimulia bila kukasirika upya. Vitoto vya samaki havili chakula cha duka. Huvifaa vinyoo vidogo sana, na vinyoo hivyo hufugwa kwenye uji mzito wa shayiri. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na joto, kwa hiyo kopo la uji lilihamia jikoni kwangu, nyuma ya mtungi, bila mimi kuulizwa. Ilikuwa Ramadhani. Mume wangu hufanya kazi bara, akaja nyumbani siku hiyo mara tu adhana inaadhiniwa, amekauka koo, akaona kopo la uji, akatia sukari, akanywa vijiko viwili. Akasema, "Uji huu umechachuka kidogo." Kisha akauona ukitembea.

Niligonga ukuta nusura niuvunje. Nilimwambia Mwalimu yote niliyokuwa nayo moyoni tangu darasa la tano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vijiko vingapi?" akauliza.

"Viwili!"

"Na sukari ametia?"

"Ametia!"

"Basi amewaua na waliosalia," akasema. "Mtu mzima, haangalii anachotia kinywani."

Mume wangu ni mtu wa subira. Siku ile alikwenda kulala bila kula futari, na mpaka leo hapendi kutajiwa uji.

Nilipenda kumkera kwa jambo moja. Chakula chake cha mchana nilikuwa nikimpelekea mimi, na mara nyingi ni samaki, changu au tewa wa kukaanga. Alimla akiwa ameelekea tangi, akimtoa miba kwa ustadi, huku vikambare vinamtazama. Nikamwuliza haoni haya. Akanyonya kidole. "Hawa siwasomeshi mimi," akasema, akionyesha sahani.

Alikuwa akihubiri subira kutwa, na yeye hakuwa nayo ya kungojea chai ipoe. Alisema hakuna kitu kilichomchosha kama watu, lakini mlango wake haukufungwa. Alidai hamkumbuki mwanafunzi hata mmoja, na ukimtajia mtu wa Mbwajumali aliyehamia Nairobi miaka ishirini iliyopita, atakuambia alikuwa hajui kugawanya kwa desimali. Alikuwa na daftari ambamo kila kundi la mayai aliliandika kama darasa: waliotoka, waliobaki, waliokufa na sababu. Alichokitaka ni kimoja, na hakukificha: kundi moja tu lililoanguliwa mikononi mwake likue mpaka litage lenyewe. "Nikipata hao," alikuwa akisema, "kila birika lililobaki mtaani nitalitia samaki, kama zamani. Halafu nitapumzika." Ndiyo maana alilitaka birika langu. Kwenye kioo vitoto vilifika ukubwa wa punje ya mpunga kisha vikafa. Katika birika, kwenye maji mengi, kivuli na mawe ya baridi, vilikua.

Na hapa sina budi kulisema kosa langu. Kundi lililofika mbali kuliko yote lilifika ukubwa wa ukucha. Wageni wa Maulidi walikuwa njiani, nyumba yangu inajaa mpaka ukumbini, nami nilikuwa naona haya kwa birika lenye utelezi wa kijani. Nikawahamishia samaki ndooni, nikalikausha birika, nikalipaka chokaa mpya, likang'aa. Mama yangu alifanya hivyo kila mwaka, na kila mwanamke wa mtaa huu amefanya. Nilichosahau ni kwamba mama aliliacha likae mtupu, akilijaza na kulimwaga siku nyingi, ndipo akarudisha samaki. Mimi nilikuwa na haraka. Niliwarudisha jioni ile ile. Asubuhi wote walikuwa wanaelea.

Mwalimu alikuja akaangalia. Akatumbukiza kidole, akakionja.

"Chokaa ina siku ngapi?"

"Moja."

Alikwenda zake, na wiki mbili hakugonga ukuta. Nilioga maji kata ishirini, thelathini, nilivyotaka, na sikufurahia hata moja. Aliporudi kusema nami, alisema tu kwamba mvua inakuja niondoe nguo mlizamuni. Nilihesabu kwamba amenisamehe, lakini daftarini niliona ameandika sababu ya vifo: *chokaa*, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, *haraka*.

Mambo ya macho yalianza nisijue yameanza lini. Alianza kusema taa za siku hizi hazina nguvu. Akaanza kunisalimu kwa jina la dada yangu. Bintiye akaja kwa ziara, akamtazama machoni, akaniita kando: mtoto wa jicho, yote mawili. Alimtafutia siku ya kupasuliwa huko Mombasa, jambo dogo, watu huingia asubuhi wakatoka jioni.

Akanikabidhi mimi kazi ya kuhakikisha baba yake anasafiri. "Dada, wewe ndiye anayekusikia," akaniambia kwenye simu. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Siku mbili kabla ya safari, wakataga.

"Sendi," akasema Mwalimu. "Kuna mayai."

Ikapangwa siku nyingine, baada ya miezi miwili. Siku moja kabla ya kuondoka, wakataga. Ikapangwa ya tatu. Nguo zake nilizipiga pasi mwenyewe, nikazitia mkobani, nikamwambia mwenye boti ya kuvukia Mokowe, penye mabasi, atungojee. Asubuhi nikasikia ukuta unagongwa.

"Mwambie binti yangu mayai haya kwanza."

Nilisimama ukumbini na mkoba mkononi nikataka kuutupa. Bintiye alilia kwenye simu. Nikamtetea mzee, nikamlaumu, nikawalaani samaki, yote kwa pumzi moja. Nilisema hawa wanyama wana uadui na mimi, wametumwa. Kumbe ningekaa nikafikiri hata kidogo ningejua aliyewatuma. Maji ya mvua ya kuwamiminia aliyateka kwangu, nami ndiye niliyemfungulia mlango mara zote tatu.

Makundi yale yote yalikufa. Hili nalo lilimtesa. Zamani alipata vitoto thelathini katika mayai hamsini. Sasa alipata vitatu, au kimoja, au hapana. Alibadilisha majani, alibadilisha maji, alinituhumu kwa chokaa ambayo ilikuwa imekwisha kukauka miaka. Daftari likajaa mistari, na mbele ya kila mstari, sababu: *sijui*. Mtu yule kuandika sijui, lazima alikuwa amekosa usingizi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilimpelekea mahamri. Alikuwa dirishani, sahani ya mayai mbele yake, unyoya mkononi, akiondoa mabovu. Sikuondoka haraka kama kawaida yangu kwa sababu nilitaka kurudi na sahani yangu. Nikawa natazama mkono wake. Mimi macho yangu ni ya kazi, yanaona tundu la kofia ambalo mwenye kofia hataliona maisha yake yote. Nikaona unyoya unagusa yai la rangi ya chai, lenye kidoa cheusi, na kulisukuma mpaka ukingoni. Likaanguka. Ukagusa jingine la chai. Likaanguka. Meupe yenye manyoya aliyaacha pale katikati, akayapulizia kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto.

"Mwalimu," nikasema. "Unafanya nini?"

"Natoa mabovu. Usinizibie mwangaza."

"Unatoa mazima!"

"Usinifundishe weye."

"Mwalimu, mazima ndiyo hayo uliyoyatupa! Hayo uliyoyaacha yameoza!"

Nilipiga kelele. Sikukusudia, lakini miaka saba ilikuwa kooni. Niliokota yai moja sakafuni, nikaliweka kwenye kiganja chake, nikamwambia lina jicho ndani yake, mtoto yumo, anakuangalia. Alilisogeza karibu na uso wake, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu tena. Kwenye ukungu wa macho yake kila kitu kilikuwa cheupe, na chenye doa ndicho alichokiona kimeharibika. Nilimwona akielewa. Ningependa kusema kwamba nilifurahi kumshika mwalimu wangu kwenye kosa, maana hiyo ndiyo ndoto ya kila mwanafunzi. Nilitamani kwenda kujificha.

Akaketi. Akaniomba nimpe daftari. Hakulifungua, aliliweka magotini tu.

"Madarasa mangapi?" akauliza. "Tangu lini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Nawaua mimi," akasema. "Nami naandika sijui."

Nikakaa naye mpaka mahamri yakapoa. Halafu akasema, bila kunitazama, maana hata angenitazama asingeniona, "Mwambie binti yangu naya Mombasa. Na haya mazima yaliyosalia, tukua weye." Akanisogezea sahani.

Nilidhani nimeshinda. Nilimpeleka Mokowe mwenyewe, nikamkalisha kwenye basi, nikampa chupa ya maji. Aliniambia mambo ya mayai mpaka basi likaondoka, na nilipomwambia tutaonana baada ya wiki, akarudia habari za unyoya. Nilirudi nikaoga bila kuomba ruhusa.

Wiki ikapita, ikapita ya pili. Macho yalifanikiwa. Bintiye akanipigia simu kunishukuru, na katikati ya shukrani akasema: "Baba harudi tena kukaa peke yake, dada. Ngazi zile za nyumba, na umri ule. Mama alikufa mimi niko mbali. Huyu naye sitaki afe nikiwa mbali." Hakuna ubaya katika maneno hayo. Mimi nina mabinti, ningependa mmoja wao aseme hivyo kunihusu. Lakini nilipokata simu niliangalia birika, nikaikumbuka mvua, na masufuria, na zile safari tatu, nikajua. Hakuogopa kisu hata kidogo. Alijua kwamba mlango wa Mombasa hufunguka upande mmoja, na mayai ndiyo yaliyokuwa komeo lake. Mimi, kwa kujua kwangu kushona na kupiga kelele, nililivunja.

Basi nikawalea wale samaki wake kwa hasira. Niliyatoa mabovu kwa unyoya. Nilifuga vinyoo kwenye uji, jikoni kwangu, kwa ridhaa yangu, nikaliandika kopo kwa herufi kubwa kwa ajili ya mume wangu. Niliokota majani ya mkungu pwani, watu wakaniuliza mbona wafagia. Birika sikulitia chokaa hata Maulidi yalipofika, wageni wakaoga kwa kata nane nane na wakanuna. Walianguliwa, wakawa punje ya mpunga, wakawa ukucha, wakaota sharubu. Kila asubuhi niliwahesabu: kumi na mmoja.

Walipotimiza miezi minne nilikwenda Mombasa. Nyumba ya bintiye ni ya ghorofa ya tatu, safi, ina upepo, na maji hutoka bombani yakinuka dawa. Mwalimu alikuwa amekaa kitini mbele ya televisheni iliyozimwa, kanzu imepigwa pasi, amepungua. Bintiye alileta chai na vileja, akaketi nasi.

Mwalimu alinitazama muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kunitazama mimi na si kivuli changu.

"Umeota mvi," akasema.

"Ni mayai yako, Mwalimu."

"Sikuziona." Akatikisa kichwa. "Nalikuwa nakuona na nywele zako za darasa la tano."

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya birika, niliyoipiga kutoka juu, maji yametulia. Aliishika kwa mikono miwili. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo cha simu, kimoja, kimoja, midomo inacheza.

"Thenashara," akasema.

"Edashara, Mwalimu. Nawahesabu kila siku."

"Na huyu je? Nyuma ya bakuli. Sharubu hizi ni za nani?"

Nikaangalia. Sharubu mbili zilikuwa zimechomoza nyuma ya ukingo wa kaure. Miezi minne nilikuwa sijamwona.

"Hesabu yako ni ile ile," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu niingie nikaona meno yake. Kisha yakapotea. Akanirudishia simu, akageukia dirisha, ambako hapakuwa na kitu ila dirisha la watu wengine.

Sikuwa nimepanga kusema nilichosema. Naapa sikupanga. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu haikuwa na wa kumwangukia, maana binti alikuwa mwema na mzee alikuwa mzima na macho yake yanaona.

"Mwalimu," nikasema, "wametaga."

Akageuka.

"Wametaga yana usiku," nikasema. "Mayai mengi. Yako kwenye bakuli. Mimi siwezi kujua mazima wala mabovu, sina uzoefu. Yatakufa yote."

Bintiye aliweka kikombe chini. Nami nikasikia nilichokisema, nikaona aibu, kwa sababu mtu huyu alinifundisha kwa kurudia, mara mia, kwamba hawatagi mpaka watimize mwaka. Yeye ndiye aliyenipa mayai yale kwa mkono wake. Alijua umri wao kwa siku.

Alinitazama. Ulikuwa ule mtazamo wa ubaoni, chaki mkononi, darasa zima likiwa kimya, na wewe umeshaandika na huwezi kufuta. Nilisubiri aniulize ile moja imekwenda wapi. Vidole vyangu vilijikunja vyenyewe.

"Mengi?" akauliza.

"Mengi, Mwalimu."

Akashika mikono ya kiti akasimama.

"Umesikia," akamwambia bintiye. "Nitilia nguo zangu mkobani. Kuna mayai."

"Baba." Bintiye alimtazama yeye, akanitazama mimi. Si mjinga, ni mtoto wa Mwalimu. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mpaka yaanguliwe tu, Baba. Kisha unarudi."

"Mpaka yaanguliwe," akasema Mwalimu, na akaenda kutafuta viatu vyake.

Nilibaki na bintiye na chai iliyopoa. Maisha yangu yote nilimjua mtu yule, na sikumwona hata siku moja akiliacha jibu bovu lipite. Hili aliliacha.